Laxton: kwa nini kijiji kimoja cha Uingereza bado kinalima mashamba yasiyo na ua

Msomaji wetu, bibi shamba kutoka Njombe anayesomea shahada ya uzamili mjini Nottingham, anaandika kwamba darasa lao lilipelekwa Laxton, parokia ya mashambani iliyo kaskazini-mashariki ya mji huo. Huko walionyeshwa mashamba makubwa matatu yasiyo na ua, yaani uzio, wowote ndani yake, yaliyogawanywa vipande virefu vya wakulima mbalimbali, na wakaambiwa kwamba wakulima hao wana mahakama yao inayotoza faini. Anauliza mambo matatu: je, yale ni mashamba ya kweli au ni maonyesho ya watalii? Je, ule ulikuwa ujamaa wa Waingereza kabla ya ujamaa wetu? Na kwa nini mpango huo umebaki pale ilhali kwingine nchini humo umetoweka?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu asiyelielewa hilo hataweza kuyaelewa mengine mawili. Watu wengi wanaposikia habari za mashamba ya wazi ya Ulaya ya kale hudhani kwamba ardhi ilikuwa ya wote na mavuno yaligawanywa kwa wote. Haikuwa hivyo. Kila kipande kilikuwa na mtu wake, aliyekilima kwa mbegu zake na kuvuna kwa ajili ya ghala lake, na ambaye alikirithisha au kukilipia kodi kwa mwenye milki, yaani bwana mkubwa mwenye ardhi ya kijiji. Kilichokuwa cha wote ni vitu viwili tu, navyo ni ratiba na malisho. Wote walipanda zao la aina moja katika shamba kubwa moja, wote walimaliza kuvuna kabla ya siku iliyopangwa, na baada ya siku hiyo mifugo ya wote iliingia shambani kula mabua bila kujali kipande hiki ni cha nani. Ukitafuta mfano wa nyumbani ulio karibu, usiutafute katika shamba la pamoja la kijiji cha ujamaa. Uutafute katika mashamba ya bega kwa bega ya miaka ya 1970, ambapo kaya ilikuwa na kipande chake ndani ya shamba kubwa lenye zao moja. Hata hapo mfanano hauendi mbali, kwa kuwa ratiba ya bega kwa bega ilishuka kutoka kwa viongozi, na ratiba ya Laxton ilipangwa na kulindwa na wakulima wenyewe, mbele ya msimamizi wa mwenye milki.

Mashamba matatu uliyoyaona yanaitwa South Field, Mill Field na West Field, na kwa jumla yana ukubwa usiofika ekari 500. Palikuwa na la nne, dogo kuliko hayo, ambalo lilikwisha kuzungushiwa ua zamani. Mzunguko wake ni wa miaka mitatu: mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano inayopandwa majira ya vuli, yaani kabla ya baridi kali, mwaka wa pili hupandwa zao la majira ya machipuko, zamani shayiri, njegere au maharage, mwaka wa tatu shamba hulazwa. Kwa kuwa mashamba ni matatu, kila mwaka moja huwa na ngano, moja huwa na zao la machipuko na moja hupumzika. Wewe kama mtaalamu wa kilimo huhitaji kuambiwa faida ya kulaza udongo mzito wa mfinyanzi kama ule katika zama ambazo mbolea pekee ilikuwa samadi. Kondoo walioachiwa katika shamba lililolazwa walikula magugu na kuacha samadi papo hapo, kazi mbili kwa mkupuo mmoja bila mtu kubeba kikapu. Siku hizi mwaka wa kulaza hauachi ardhi ikiwa tupu. Aghalabu hutumika kwa majani ya mifugo, lakini zamu ya miaka mitatu haijavunjwa.

Huenda ulijiuliza kwa nini mkulima mmoja awe na vipande vilivyotawanyika huku na kule badala ya shamba moja la pamoja. Wanahistoria wamebishana juu ya hili kwa vizazi kadhaa, na mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba sababu kubwa ni kugawana hatari. Udongo wa mteremkoni hukauka mapema, udongo wa bondeni hushika maji. Mvua ya mawe inaweza kupiga upande mmoja wa parokia na kuuacha mwingine. Mwenye kipande kila upande hakosi kabisa mwaka mbaya, wala hapati kupita kiasi mwaka mzuri. Sababu ya pili ni jembe lenyewe. Jembe la kukokotwa na maksai lilipindua udongo upande mmoja tu, kwa hiyo mkulima alizunguka kipande chake akiuelekeza udongo katikati, na baada ya miaka mingi kila kipande kikawa tuta pana lenye mfereji pembeni, jambo lililosaidia sana kuondoa maji katika udongo mzito. Jozi za maksai zilizofungwa kwa mstari mrefu hazigeuki kwa urahisi. Ndiyo maana matuta ya kale mengi hayajanyooka bali yana mpindo hafifu kama herufi S iliyogeuzwa, kwa kuwa mwongozaji alianza kuwageuza kabla hajafika mwisho. Urefu wa kawaida wa mfereji mmoja, yadi 220 ambazo ni kama mita 201, ukizidishwa kwa upana wa yadi 22, unatoa ekari moja kamili. Ekari tunayopimia viwanja vya mahindi Njombe imetokana na hesabu hiyo ya mkulima wa Kiingereza na maksai wake, ingawa wengi wetu tuliipokea kama kipimo cha ofisi ya ardhi tu.

Sasa nije kwenye mahakama, ambayo kwa maoni yangu ndiyo urithi wenyewe wa Laxton. Mashamba ni matokeo yake. Ni mahakama ya milki, ya aina iliyokuwako kila mahali Uingereza katika zama za kati, ikishughulikia mambo madogo ya ujirani: nani amesogeza mpaka, nani ameacha mifugo ikapotea, nani ameziba mtaro. Kila mwaka mwishoni mwa Novemba jopo la wakulima walioapishwa, likiongozwa na msemaji wao, hulitembelea shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Hutembea wakikagua mipaka ya vipande, wakipigilia vigingi vya mbao pale ambapo mpaka umepotea machoni, na wakiandika jina la kila aliyelima akavuka mpaka wake na kuingia katika njia ya wote au katika maeneo ya majani. Wiki moja baadaye mahakama hukaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, chini ya msimamizi wa milki, naye ni mwanasheria. Hapo taarifa ya jopo husomwa, faini hupangwa, na jopo jipya litakalokagua shamba la mwaka unaofuata huapishwa. Aliyepaswa kuhudhuria asije naye hutozwa kiasi, lakini ni senti chache tu.

Faini ni ndogo, na mgeni anaweza kuidharau. Namwomba mgeni huyo afikirie maana ya kuitwa jina mbele ya jirani zako wote, ndani ya baa unayokunywa kila wiki, na kuambiwa kwamba umekula futi moja ya njia ya watu. Aliyekukagua mwaka huu utamkagua wewe mwaka mwingine. Nguvu ya chombo hiki haijapata kuwa katika ukubwa wa adhabu. Zaidi ya hayo, si mchezo wa kuigiza kisheria: Bunge lilipopitisha Sheria ya Usimamizi wa Haki ya mwaka 1977 na kuziondolea mahakama nyingi za kale mamlaka yake, mahakama ya Laxton ilikuwa miongoni mwa chache mno zilizoachwa na mamlaka hayo.

Yale maeneo ya majani niliyoyataja yanastahili maneno machache. Ndani ya mashamba makubwa kuna sehemu za mabondeni na za kingo ambazo plau haikupita kwa sababu zilikuwa na maji mno au mteremko mkali, na kwa kuwa hazikupata kulimwa wala kumwagiwa mbolea ya viwandani kama mashamba ya jirani, zimebaki na maua ya porini na aina za nyasi ambazo zimekuwa adimu katika nchi yenye kilimo kikali kama Uingereza. Kwa sababu hiyo zinalindwa kisheria kama eneo lenye umuhimu wa kisayansi. Majani yake huuzwa kwa mnada kila kiangazi kwa wenye haki katika kijiji, wakayakata na kuyakausha. Wahifadhi wa mazingira huyasifu maua hayo, na wana haki, ila mara nyingi husahau kusema kwamba aliyeyatunza ni yule mzee wa jopo aliyemtoza jirani yake kwa kuyalima.

Swali lako la tatu, kwa nini pale na si kwingine, halina jibu la kishujaa. Mashamba ya wazi yalikuwa mpango wa kawaida katika sehemu kubwa ya Uingereza ya kati, na yalifutwa kwa hatua mbili. Kwanza wenye ardhi walikubaliana faraghani, hapa na pale, kubadilishana vipande na kuviunganisha. Kisha, hasa kati ya katikati ya karne ya 18 na vita vya Napoleon, wakati bei ya ngano ilipokuwa juu, walikwenda Bungeni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kugawa upya na kuzungushia ua mashamba na malisho, zikigusa takriban ekari milioni 6.8, sawa na sehemu moja ya tano ya Uingereza yenyewe bila Uskoti na Wales. Makamishna walifika katika parokia, wakapima, wakafuta haki za pamoja na kumpa kila mwenye ardhi shamba moja lenye mipaka mipya. Mkubwa alipata shamba bora na kodi ya juu. Mdogo alipata kipande ambacho gharama ya kukizungushia ua pengine ilizidi uwezo wake, na yule aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu anayemchunga kwa mazoea, bila hati, mara nyingi hakupata kitu. Wachumi wengi husema mavuno yaliongezeka, na sina sababu ya kuwapinga moja kwa moja. Nasema tu kwamba ongezeko hilo halikuingia katika mfuko wa yule mwenye ng'ombe mmoja.

Laxton haikuponyoka kwa sababu watu wake walikuwa wema kuliko jirani zao. Milki hiyo iliingia katika karne ya 17 mikononi mwa ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walikuwa na cheo cha Earl Manvers, na baadhi ya ardhi ya parokia ilikuwa ya mkuu mwingine, Earl wa Scarbrough. Ili kuzungushia ua ilibidi wakuu hawa wawili wakubaliane kwanza juu ya kubadilishana vipande, na makubaliano hayo yalikawia mno. Sehemu za parokia zilizungushiwa ua kidogokidogo, na kitongoji cha Moorhouse kilipoteza mashamba yake ya wazi karne ya 19, lakini mashamba makubwa ya katikati yakabaki yakisubiri. Kufikia robo ya mwisho ya karne hiyo ngano ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa imeangusha bei, na hakuna mwenye akili aliyetaka kumwaga fedha katika miti ya ua, mitaro na nyumba mpya za mashamba. Kwa maneno mengine, kwanza wakubwa hawakuelewana, halafu fedha haikuwapo. Mapema karne ya 20 Earl Manvers alivipanga upya vipande, akaviunganisha viwe vichache na vipana zaidi; hivyo vipande ulivyoviona si vile vya enzi za kati, ambavyo vingi havikufika ekari moja.

Vile vya kale vinajulikana kwa usahihi usio wa kawaida, na hapa ndipo Laxton inapozipita parokia nyingine. Mwaka 1635 mpimaji aitwaye Mark Pierce alichora ramani ya parokia nzima kwa ajili ya mwenye milki wa wakati huo, Sir William Courten, mfanyabiashara wa London ambaye meli yake ndiyo iliyopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Kila kipande kimechorwa, na kitabu kinachoandamana na ramani kinaeleza kila kimoja ni cha nani na kina ukubwa gani. Pierce hakuishia kwenye mipaka. Katika mashamba yake alichora watu wadogo wakilima, wakipanda, wakivuna, na wakubwa wakiwinda. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Mfanyabiashara wa aina ya Courten hakununua milki ili avutiwe na desturi zake; alitaka kujua kila futi inaingiza nini, na tamaa hiyo ya hesabu ndiyo iliyotuachia kumbukumbu bora kuliko ambayo mwenye mapenzi na mambo ya kale angeweza kutuachia.

Limebaki sasa swali la kwanza: ni kweli au ni maonyesho? Ni kweli, lakini ukweli wenye mkono unaoushikilia. Mwaka 1952 Earl Manvers wa mwisho aliiuza milki kwa Wizara ya Kilimo kwa nia ya kuihifadhi. Mwaka 1981 ikahamia kwa shirika linalosimamia mali za Taji, yaani za ufalme wa Uingereza, na mwaka 2020 ikanunuliwa na milki ya Thoresby, yaani wazao wa ukoo uleule uliokuwa umeiuza. Katika mabadiliko yote haya wakulima wamekuwa wapangaji, na kulima vipande kwa zamu ya miaka mitatu na kushiriki katika jopo ni sehemu ya upangaji wao. Mkulima wa Laxton halimi hivyo kwa sababu anaamini ndiyo njia bora ya kupata ngano. Riziki yake kubwa hutoka katika mashamba yake mengine yaliyozungushiwa ua, ambayo mgeni haonyeshwi. Vipande vya shamba la wazi humletea usumbufu: mashine za kuvuna za leo hazikuundwa kwa ajili ya ardhi nyembamba, na hawezi kuchagua zao kwa kufuata bei ya soko la mwaka huo. Yapo mashamba mengine ya wazi yaliyosalia, kama Braunton huko Devon na yale ya Isle of Axholme katika Lincolnshire, na huko vipande bado vinaonekana; ila hakuna mahakama yenye nguvu ya sheria inayowafunga wakulima kwa zamu moja, kwa hiyo kila mtu anapanda apendavyo. Ukitazama kutoka angani utasema ni mamoja. Ukikaa na wakulima mwaka mzima utaona kwamba ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa sababu hiyo nawaonea shaka wanaosema Laxton imehifadhiwa na mapenzi ya wanakijiji kwa jadi. Mapenzi yapo, na baadhi ya familia zimekaa hapo kwa vizazi, lakini mapenzi hayawezi peke yake kushindana na bei ya dizeli. Kilichohifadhi ni mwenye ardhi mmoja mwenye sauti juu ya karibu mashamba yote, masharti ya upangaji, na mahakama ambayo sheria ya nchi inaitambua. Ondoa moja kati ya hayo matatu na mashamba yangegawanywa katika muda wa kizazi kimoja, kwa nia njema kabisa. Na hili lina upande mchungu ambao walimu wako pengine hawakuutaja: mkulima anayebeba gharama ya urithi wa taifa zima ni mpangaji, wala si mwenye mali. Taifa likitaka vipande vibaki, haki ni kwamba kodi yake na misaada ya kilimo vilipe usumbufu huo.

Wewe uko Nottingham, kwa hiyo nakushauri mambo ambayo msomaji aliyeko Njombe hawezi kuyafanya. Rudi Laxton mwishoni mwa Novemba, jopo linapotoka, uvae mabuti ya mpira, maana udongo ule hauna huruma. Tazama jinsi nyumba za wakulima zilivyojipanga kando ya barabara ya kijiji, kila moja na kiwanja chake nyuma; katika parokia zilizozungushiwa ua nyumba nyingi za mashamba zilihamia katikati ya ardhi mpya, mbali na jirani. Panda hadi kwenye kilima cha ngome ya Wanormani nyuma ya kanisa, nacho ni kati ya vilima vya aina hiyo vilivyohifadhika vizuri zaidi katika eneo lote la kati-mashariki. Halafu, kabla ya kuandika tasnifu yako, ingia katika idara ya miswada ya Chuo Kikuu cha Nottingham, ambako karatasi za ukoo wa Manvers zimewekwa pamoja na kumbukumbu za mahakama ya Laxton. Omba kumbukumbu za miaka michache iliyofuatana, uangalie ni makosa gani yanajirudia na ni majina gani yanajirudia. Kisha omba katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti ramani ya ugawaji wa parokia yoyote ya jirani iliyozungushiwa ua kwa sheria ya Bunge, uiweke kando ya nakala ya ramani ya Pierce, na uhesabu ni watu wangapi waliokuwa na haki ya malisho kabla na wangapi waliotajwa kupewa ardhi baada.